Ghala la Bustanini Limesimama Wima

Kaka mpendwa,

Hatujambo, mama bado anagombana na paka wa jirani. Lile ghala la kale la bustanini, lililoinama upande, sasa limesimama wima. Sisi tuliojitolea tulilivuta kwa kamba miezi mingi, kidogo kidogo, maana baba alitukataza kufanya haraka, mbao zisije zikapasuka. Jana liliguna kwa muda mrefu, kisha mlango uliokwama tangu utoto wetu ukafunguka wenyewe. Tulipigwa na butwaa.

Baba akaupapasa mlango, akasema, "Na yule angekuwepo, angeona maajabu."

Tangu mgombane naye, hakuwahi kukutaja hadi jana. Nikaendelea kukunja kamba, nisije nikaharibu.

Jumamosi tunaanza kulivuta ghala la pili. Nyundo yako baba ameitia mpini mpya.

Mdogo wako,
kitindamimba