Njumu ya Mfupa kwenye Fremu ya Joel

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Picha ya kaka Joel imerudi kutoka studio ya Tarime. Wameikuza ile ndogo ya kitambulisho, hatuna nyingine. Hata kovu la kwenye nyusi linaonekana! Jumamosi ya wiki ijayo ni ibada ya kumkumbuka. Sitaki abandikwe ukutani kama kalenda. Nitamtengenezea fremu mwenyewe.

Fundi Athuman, anayetengeneza milango hapa Matongo, amekubali kunifundisha baada ya shule. Mbao ni ya mninga. Akauliza, tutie njumu? Sikujua njumu ni nini. Kumbe unachimba vishimo kwenye mbao, unapachika vipande vya mfupa mweupe, zinatokea nyota. Nipeleke mifupa ya miguu ya ng'ombe, mikavu. Mama amenipa miwili iliyokuwa juu ya paa la jiko.

Alhamisi, 5 Agosti

Kinyaa! Mifupa lazima ichemshwe na majivu, mafuta yatoke, la sivyo yatavuja na kuchafua picha. Povu la kijivu, nzi, harufu mpaka kwenye nywele. Nimetapika nyuma ya choo.

Baba mdogo Heche alipita, akachungulia sufuria, akacheka peke yake. Ana viatu vipya. Sasa ni msimamizi kwenye duara la dhahabu la Machage — shimo lile lile lililomfukia Joel! Magogo ya kuzuia udongo yalikuwa yameoza. Joel alimwambia Machage. Machage akamjibu, mwoga akauze maandazi. Joel akaingia.

Halafu siku ya mazishi Machage akaleta ng'ombe mweusi. Kwetu ukila ng'ombe wa mtu kwenye msiba wako, huna neno naye tena. Yameisha. Wakala. Wakalamba vidole, mafuta yakiwatiririka mpaka kwenye viwiko. Mama naye alikula. Mimi sikugusa. Kwa hiyo mimi bado nina neno.

Jumanne, 10 Agosti

Fundi Athuman anasema nisiisukume patasi kama ninalima, niiongoze. Nyota zimekaa! Gundi anapika mwenyewe, ya ngozi, inanuka kuliko mifupa. Ameniambia nisiiache karibu na maji ya moto, italegea. "Binti, una mkono," akasema. Nimerudi nyumbani nikikimbia. Labda watu wakiuona uso wa Joel vizuri, mmoja atauliza kwa nini alikufa.

Ijumaa, 13 Agosti

Siwezi hata kushika kalamu.

Heche ameiona fremu. Akapiga makofi. "Boke weee! Ulikataa mchuzi, sasa umesugua mifupa mpaka inang'aa! Hiyo ni miguu ya ng'ombe wa Machage!" Akaendelea kucheka: eti kesho mzee mwenyewe anakuja, atafurahi sana kuona ng'ombe wake amemzunguka marehemu.

Nilimuuliza Mama. Akaendelea kuchambua mchele. Akasema mfupa ni mfupa.

Nimenawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Bado inanuka.

Jumamosi, 14 Agosti

Ibada imekwisha. Niliwaambia fremu haijakauka, wakaomba bila picha. Machage yuko sebuleni, jino lake la dhahabu linametameta, anakula pilau yetu. Anataka kupigwa picha ameishika fremu. Mpiga picha amekuja naye!

Nimejifungia chumbani. Nimefunika nyota kwa kitambaa nilicholoweka maji ya moto. Nyingi zimeng'oka, nimezitupa dirishani, kuku wanazidonoa. Zilizobaki hazitaki. Kitambaa kimepoa, na maji sina tena.

Heche anaita. "Boke! Mzee anasubiri!"

Amegonga Mama. Nimemfungulia. Ameshika birika la chai ya mgeni, linafuka moshi. Ameangalia mbao, ameangalia vishimo vitupu kumzunguka Joel. "Mimi nilikula, mwanangu," amesema.

Amefunga mlango kwa komeo. Ameinamisha birika, anamwagia kitambaa changu chai yote.