Uso Wangu Utazamishwa Baharini, na Sistahili

Mpendwa Mama Sukreni,

Nina jambo limenikaa kooni miaka mitatu na sasa naomba unisaidie kulitoa, maana kila Jumapili mke wangu Luh Sariani anatusomea ukurasa wako wa ushauri gazetini kwa sauti baada ya kula na mimi hucheka na wengine kama mtu asiye na lake. Mimi ni mvuvi wa samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaowekwa kwenye matangi ya kioo, ndiyo kazi ya kijiji chetu hapa kaskazini mwa Bali, na zamani sote tulikuwa tunawapulizia sumu ya sianidi kwenye matumbawe ili walegee tuwaokote, mpaka mwamba ukafa ukabaki kifusi, ndipo kijiji kikala kiapo hekaluni kwamba sasa ni nyavu tu, na atakayeshikwa na sumu atatengwa.

Mama, niliapa na bado nikaendelea. Haikuwa njaa, nisikudanganye. Nyavu zilinishinda, nikawa narudi na ndoo tupu huku watu niliowafundisha mimi mwenyewe kupiga mbizi wakirudi na samaki, wananitania ufukweni, “Mwalimu, leo umewaacha wazae kwanza?”, na mimi ni mtu wa kujisikia, basi nikawa naenda peke yangu ng’ambo ya rasi na chupa yangu ya kunyunyizia. Siku moja mashua yangu ilitoboka nikaazima ya binamu yangu, Kadek Mastra, na chupa nikaisahau chini ya ubao wa kukalia, na kesho yake walinzi wa bahari wakaikuta Mastra akiwa ndani. Barazani akaulizwa ni ya nani, akasema tu, “Si yangu,” na mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

Wakamtenga. Hakuna anayemsalimia, anayesema naye anaadhibiwa, harusi ya binti yake hakwenda mtu, nami sikwenda, na sasa mama yake, shangazi yangu wa damu, hatoki kitandani, na akifa katika hali hii hakuna wa kumbeba wala makaburi ya kijiji hayatampokea.

Na sasa amekuja mchongaji kutoka Gianyar, anaitwa Desak Ratih, anatengeneza sanamu za saruji zenye sura za wanakijiji, tunazizamisha mita saba chini na kuzifunga vipande vya matumbawe hai mabegani na kichwani ili mwamba uote upya, samaki warudi, na wageni waje kuzamia sisi tukiwaongoza. Kazi inaonekana, mama, sanamu tatu za kwanza zimeshaanza kuota. Kijiji kimeamua sanamu kubwa ya katikati, mlinzi wa mwamba, iwe na uso wangu, eti hakuna aujuaye mwamba kama mimi, na mahali walipopachagua ni ng’ambo ya rasi, palepale nilipopaua mimi.

Juzi walinipaka plasta kuchukua umbo la uso, macho na midomo vimezibwa, napumua kwa mirija miwili puani, na kiongozi wa kitongoji amekaa pembeni anapiga soga. “Huyu ndiye mwanamume! Siyo yule Mastra, muuaji wa bahari.” Watu wakacheka. Nikalia humo ndani, mama, na Desak akanipiga kibao begani, “Kaka Nengah, usicheke bwana, utaniharibia mashavu!”

Sanamu itabarikiwa na kuzamishwa mwezi mpevu ujao. Nikisema, tutatengwa sisi, na Luh hajui lolote, na watoto hawana kosa. Nikinyamaza, nitasimama humo chini nikilinda nilichokiua. Nafikiria nisingizie ugonjwa wachague mtu mwingine, na kwa kuwa Mastra hajui kwamba ni mimi, hataumia zaidi ya alivyoumia. Je, hiyo inatosha?

Nengah (majina yote nimeyabadilisha, na kijiji tafadhali usikitaje)

Nengah,

Haitoshi, na unajua haitoshi.

Pole, lakini. Nasema pole kwa moyo wote, kwa sababu mtu asiye na haya asingelia chini ya plasta, na kwa sababu ungeweza kunidanganya kwamba ilikuwa njaa na ningekuamini. Umesema kweli kwangu, mgeni usiyemjua. Bado wale inaowahusu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nikakwama pale unaposimulia habari ya mashua. Unasema Mastra hajui. Uliiazima kwake, ukairudisha kwake, kesho yake ikakutwa na chupa. Wewe unadhani ana akili za kuku? Anajua, Nengah. Alijua akiwa amesimama mbele ya baraza lile, na akasema “Si yangu,” hakusema “Ni ya Nengah.” Miaka mitatu amekungoja uinue kichwa.

Leo ni Jumatatu na jibu hili nimekutumia kwenye simu. Gazetini litatoka Jumapili, na Luh si mjinga, akifika kwenye plasta atajua. Asilisome kwangu. Mwambie mwenyewe, kesho. Akilia, mwache alie. Akikurushia sufuria, okota.

Kisha kiongozi wenu aitishe baraza kabla ya mwezi mpevu. Hapo usilete habari za nyavu kukushinda. Sema ulichoniambia mimi, kwamba ulikuwa unaona aibu kutaniwa. Omba Mastra arudishwe siku hiyohiyo, na omba adhabu ikuangukie wewe, siyo mkeo na watoto. Siwezi kukuahidi watakubali. Huenda ukatengwa, na itauma sana.

Sanamu iache mikononi mwao. Kichwa cha saruji huvunjwa kikamwagwa kingine, Desak hatakosa mifuko. Na usijitie kupendekeza uso wa Mastra uwekwe pale ili wewe ujisikie vizuri. Yeye ndiye wa kuulizwa, na akikataa ana haki. Lakini kila mahali ulipopulizia unapakumbuka wewe peke yako, basi wachoree walinzi ramani, na wakikuruhusu kufunga matumbawe, funga kimyakimya.

Kabla ya baraza hilo, ukishaongea na Luh, nenda kwa Mastra. Nenda mchana, kwa miguu, wala usipite nyuma ya banda la nguruwe ili usionekane. Kusema naye ni kosa, na ni kosa ambalo safari hii utalifanya hadharani. Simama langoni kwake, majirani wakikutazama, umwite kaka yako kwa jina, kwa sauti, halafu usubiri kama atatoka.

Mama Sukreni