Chawa wa Mwalimu Kuroiwa

Mpwa wangu Rhys,

"Ulikuwa mchezo tu, shangazi," umeniandikia. Mchezo gani? Tulikuwa kwangu tukicheza karata, wewe na mwenzako Tamsin mkamuuliza kwa Kiingereza Mwalimu Kuroiwa, mnayefundisha naye lugha hiyo, "Sensei, jana ulikula nini?" Alitaka kusema "rice", yaani wali, ulimi ukateleza, ikatoka "lice", yaani chawa. "Sensei anakula chawa!" Mkagaragara kwa kicheko. Naye akacheka, kwa adabu. Wewe mwaka wa tatu huu hapa Japani, hata chai huwezi kuagiza kwa lugha yao!

Theluji imeanza huku. Mwalimu amekataa kuwaandaa wanafunzi kwa shindano la hotuba za Kiingereza; anasema atawaaibisha.

Rhys, wewe na Tamsin: Jumatatu ingieni darasani kwake, mkamwombe radhi mbele ya wanafunzi. Kwa Kijapani.

Shangazi yako,
Gwenllian