Barua Imepokelewa, Jibu Halijatolewa

Kijiji cha Sudi,
S.L.P. 118,
Lindi.

Jumapili, 12 Aprili 2026

Mpendwa mpwa wangu Umi,

Marahaba, mwanangu. Najua umeniamkia moyoni kabla hujaanza kusoma, kwa hiyo naitikia mapema. U hali gani? Goti la kushoto, lile ulilokuwa ukilifunga bandeji tangu mwezi wa pili, limetulia? Na baridi ya huko imepungua? Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi. Mvua za masika zimeshika kweli, njia ya kutokea barabara kuu ni tope tupu, na mpunga wetu wa Nyangamara umeanza kuinamisha vichwa.

Bibi yako Mwanaima anakusalimu sana. Miguu yake haijambo. Macho ndiyo yale yale. Siku hizi ananitambua kwa kikohozi.

Ninaandika kwa mkono kwa sababu jambo lenyewe halifai kusemwa kwa simu inayokatika kila dakika. Grace atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo hii, na karatasi zenyewe zitafuata kwa posta. Zisome zote, usiruke.

Kwanza pokea pongezi zetu za msimu. Genge la Grace limekuwa uwanja wako. Mechi zenu za jioni kwetu zinaangukia alfajiri, basi tukitoka msikitini tunapitia hapo, Grace anaiegemeza simu kwenye chungu cha maharage, na tunatazama watu kumi kwenye kioo kisichozidi kiganja. Mwezi wa Ramadhani sisi tulikuwa kwenye daku wakati wewe unafuturu tende kwenye benchi. Mastura, jirani yetu, alilia alipoona vile. Evaristo fundi baiskeli, ambaye hafungi na hajui sheria hata moja ya mpira wa kikapu, hupiga kelele kuliko wote: “Mwalimu, mbona huyo mtoto anakabwa kama mwizi wa korosho?” Nami humweleza kwamba mchezaji hukabwa hivyo anapoogopwa.

Sasa nije kwenye lililonitoa shambani.

Jumatano uliniandikia maneno haya: “Mjomba, kama bibi ameshapokea, mimi ni nani nikatae?” Tangu siku hiyo hupokei simu. Umi, bibi yako hakukubali kitu. Ile picha uliyotumiwa, bibi akiwa na bahasha mkononi anacheka, ni picha ya kweli. Maneno yaliyoandikwa chini yake, kwamba nyumbani wamekubali uhame chuo, si ya kweli. Nitakueleza ilivyokuwa tangu mwanzo.

Jumanne nilikuwa Nyangamara nikiamia ndege wasimalize mpunga. Bibi alikuwa barazani na Mastura. Akatokea Francis, yule kijana wakala wa wachezaji kutoka Dar es Salaam, anayekuandikia tangu Januari. Nadhifu, ana adabu, aliamkia vizuri. Akasema, “Bibi, nimekuja kwa ajili ya mjukuu wenu Umi. Kuna watu huko Marekani wanamtaka.”

Hebu yasikie maneno hayo kwa masikio ya mwanamke wa miaka themanini na minne asiyeona vizuri. Mgeni amevaa kanzu ya heshima au suti, yeye hajui. Ana barua. Anasema watu wanamtaka binti. Bibi akauliza, “Wanamtaka? Na wewe ndiye mshenga?”

Francis alidhani anataniwa. Akacheka, “Ndiyo bibi, mimi ndiye mshenga.”

“Mbona basi waja mikono mitupu? Barua ya posa haifunguliwi kwa mate.”

Kijana akatoa noti mfukoni, akazifunga katika kitambaa chake cha kufutia jasho kama alivyoelekezwa, akaziweka juu ya bahasha. Bibi akapokea kwa mikono miwili. Mastura akapiga vigelegele. Hapo ndipo Francis alipoipiga ile picha. Kufikia adhuhuri Sudi nzima ilijua kwamba Umi ameposwa na Mmarekani, na niliporudi na matope yangu Evaristo alinidaka njiani: “Mwalimu, huko wanatoa mahari ya dola au ng’ombe? Maana mimi nina zizi.”

Tulicheka, na wewe cheka. Lakini sikiliza kilichofuata. Baada ya picha Francis alitoa kidau cha wino, akaomba dole gumba la bibi kwenye karatasi ya makubaliano ya chuo kipya. Bibi akaurudisha mkono wake kwenye kanga. Mastura ananisimulia alivyosema: “Mjukuu wangu, mimi napokea tu. Jibu la posa hutoka kwa mjomba wake. Hata marehemu mume wangu hakujibu posa za watoto aliowazaa mwenyewe. Alijibu kaka yangu.” Kijana alibembeleza, akasema ni utaratibu tu, gari linamsubiri. Bibi akamwambia gari lina haraka kwa sababu halina mjomba.

Basi kosa la bibi ndilo lililotusitiri. Angejua kwamba ni karatasi ya mpira, pengine angeweka dole bila kuuliza, maana mpira si mambo yake. Kwa kuwa alidhani ni posa, alifuata njia ya posa.

Nimeisoma ile karatasi, aliyoiacha ndani ya bahasha, mara tatu, na kamusi pembeni. Ukurasa wa nne unasema hivi: fedha za matangazo, za kutumia jina lako na sura yako, zitalipwa kwa Mwanaima, hapa Tanzania. Unasema pia kwamba makubaliano ni ya msimu mmoja. Kuhusu masomo yako hakuna hata mstari.

Nilimwita Francis kutoka nyumba ya wageni Lindi. Alikuja Alhamisi. Sikumgombeza, ni mtoto wa watu anayetafuta riziki. Nilimuuliza, “Jasho ni la Umi. Kwa nini malipo yaandikwe jina la bibi yake?”

“Mwalimu, viza ya mwanafunzi inambana kidogo kwenye kulipwa. Hivi inakuwa rahisi.”

“Rahisi kwa nani?”

Akasema, kwa wote. Nikamuuliza tena, “Wakubwa wa uhamiaji wakiuliza, nani atarudishwa nyumbani? Wewe, mimi au yeye?” Akasema hilo halijawahi kutokea kwa wachezaji wake. Sikumwita mwongo. Nilimwambia tu kwamba hajanijibu.

Mimi si mwanasheria, na nimesoma kwamba hata huko kwenyewe jambo la kuwalipa wachezaji wa kigeni bado lina ukungu. Wengine wanasema hili linaruhusiwa, wengine wanakataza. Kwa hiyo usinisikilize mimi wala Francis. Chuoni kwenu kuna ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ichukue karatasi hii, ambayo Grace atakutumia picha zake pamoja na barua, nenda kesho, uwaonyeshe ukurasa wa nne, na wakuandikie jibu lao. Jambo la halali haliogopi kuulizwa.

Usidhani mjomba wako anachukia fedha. Nimefuatilia habari hizi tangu ulipoondoka, na nitakuambia ninavyoziona, mimi mshabiki wa kioo cha simu. Kwa miaka mingi vyuo vile viliuza tiketi, viliuza fulana, makocha walijenga majumba, na mchezaji akapewa kitanda, vitabu na sahani ya chakula. Akiumia, shukrani. Sasa mahakama na sheria zimefungua mlango, mchezaji naye anakula jasho lake. Hiyo ni haki. Ulipotuambia kwamba mwenzako unayelala naye chumba kimoja anaendesha gari alilopewa kwa sababu picha yake iko dukani, nilimfurahia, na papo hapo nikajua kinachokupata wewe, mfungaji wa timu, unapopanda basi ukiwa na koti lile la msimu wa kwanza. Mnakimbia uwanja mmoja, lakini pasipoti zenu si moja. Hilo linauma, wala sitakuambia haliumi.

Ninachokitilia shaka ni haraka yake. Huku tunalijua dirisha la usajili. Kila mwaka tunaona wachezaji wa mpira wa miguu wanavyobebwa usiku kama magunia. Sikutegemea kuliona dirisha hilo kwenye vyuo. Kocha wako wa sasa alipokutaka, alikuja kama waposaji wanaojua kuposa. Kumbuka. Alipiga simu mara nne. Alijifunza kusema shikamoo, ikatoka “shikamu”, na bibi akaitikia marahaba hivyo hivyo. Mara ya nne nilimuuliza ataturudishia nini, akasema, “Nitamrudisha na shahada yake mkononi.” Miaka mitatu sasa, kila mwisho wa muhula ananitumia matokeo yako ya uhandisi wa maji kama alivyoahidi. Kutoka chuo kipya sijasikia sauti ya mtu hata mmoja.

Tufanye hesabu ndogo, uniwie radhi, ualimu hauniachi. Umebakiza mwaka mmoja kumaliza. Wewe mwenyewe uliniambia mwezi jana kwamba ukihama, masomo yako ya mwaka mzima hayatapokelewa, kwa hiyo utasoma miaka miwili. Wao wanakutaka msimu mmoja. Mwaka wa pili goti likiwa limechoka na dirisha limeleta mwingine, nani atakulipia? Kwenye karatasi hayupo.

Najua kilichoutikisa moyo wako, wala si koti. Ni macho ya bibi. Uliwahi kumwambia Grace kwamba fedha ya kwanza utakayoipata ni ya kumfungulia macho. Mwanangu, Mungu akulipe kwa nia hiyo. Lakini macho ya mama yangu ni juu yangu kabla ya kuwa juu yako. Madaktari wa macho wanakuja Lindi mwezi wa Juni, jina lake limeshaandikwa, na mimi ndiye nitakayemshika mkono. Nilipaswa kukuambia mapema. Nilitaka iwe habari ya kukufurahisha baada ya operesheni, na kwa kunyamaza kwangu nimekuacha ubebe mzigo usio wako. Hilo ni kosa langu, unisamehe.

Na jina. Mama yako, Mungu amrehemu, alipokuwa akiumwa, ni mimi niliyekupeleka kuandikishwa shule. Mwalimu wa zamu aliuliza jina la baba, na baba hatukujua yuko wapi. Nikasema andika Umi Likwata. Likwata ni baba yangu, na kabla yake babu yake. Jina hilo ndilo liko mgongoni mwa fulana yako, na ndilo hao watu wanalolitaka. Wazee wawili wa ukoo wamekuja kuniambia nikukataze kwa sababu jina ni la ukoo. Nimewajibu kwamba jina nilikupa, sikukuazima. Siku utakapokuwa huru kuliuza kihalali, uza, na ule fedha yake kwa raha.

Kitambaa cha Francis tumemrudishia na noti zake zote. Bibi alikuwa amekifua, akakipiga pasi, maana kitambaa cha watu hakirudi kichafu. Alipoagana na kijana alimwambia, “Barua yako imepokelewa. Jibu halijatolewa.” Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba nyumbani tumeshajibu, mwambie bado.

Na hapa ndipo nilipokwama, Umi, kwa sababu jibu wananingojea mimi. Nimejibu posa sita katika maisha yangu. Zote sita, kabla ya kufungua mdomo mbele ya washenga, niliingia ndani nikamuuliza binti mwenyewe. Unaijua desturi: mwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni ridhaa, na sisi tunatoka nje kusema ndiyo. Mmoja wa hao sita alikuwa mama yako, maana mjomba wetu alikuwa ameshafariki nami nikasimama mahali pake. Alinyamaza, nami nikatoka nikasema ndiyo. Baada ya miaka, baba yako alipokuwa ameshaondoka, mama yako aliniambia kwamba siku ile hakuwa ameridhia. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza kusema.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nakuambia wewe kwa sababu una siku nne umenyamaza, na Francis ameshaniandikia asubuhi hii kwamba kimya chako ni kizuri.

Maoni yangu umeyaona: maliza ulipoanzia. Lakini hayo ni maoni, siyo jibu. Ukisema unahama, na ofisi ikakuandikia kwamba ni halali, nitakuunga mkono na genge la Grace litajifunza rangi za fulana mpya. Ukisema unabaki, nitamjibu Francis siku hiyo hiyo. Ila useme. Safari hii sitakihesabu kimya kuwa ndiyo.

Nisalimie kocha wako, na mwenzako wa chumbani, mwambie gari lake tunalitakia salama. Mastura anakusalimu, anasema vigelegele vyake hajavifuta, vitasubiri posa ya kweli. Grace anakusalimu. Evaristo anauliza kama kuna mtu anataka ng’ombe. Bibi anakuombea kila sala Mungu akuongoze kwenye lenye kheri nawe, alitie nguvu goti lako, na akurudishe Sudi ukiwa mzima, naye akikuona kwa macho yake. Amina.

Simu yangu nimeijaza chaji, na leo sitaizima.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, ninayengoja sauti yako,

Mfaume Likwata