Siku kibodi ya Yaya Deo ilipoamka

Jumamosi, Kamembe. Mvua ilianza asubuhi na imekatika sasa hivi tu. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Kibodi imefanya kazi.

Yaya Deo ni kaka yangu mkubwa. Huku kwetu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya. Alikuwa fundi wa redio. Mwaka mmoja baada ya vita vya hapa kwetu, akilima Gashonga, jembe lake liligonga chuma kilichofukiwa, kikamlipukia. Mikono ilipona. Macho hayakupona.

Tangu hapo mimi ndiye mwandishi wake. Nafundisha kompyuta katika shule moja Gihundwe, na nikirudi nyumbani yeye hutamka, mimi naandika. Barua nyingi ni za kwenda kwa Devota. Miaka baadaye mapigano yalipofika Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Devota na mama yake walivuka wakapokelewa na jirani yetu. Kila jioni alikuja kukaa na Deo, wakazungumza hadi chai ikapoa. Kulipotulia alirudi ng'ambo, kwenye kazi yake ya usekretari.

Sasa niseme la aibu.

Katika barua moja Deo alitamka: "Andika hivi: tangu uende, hii nyumba iko kimya sana." Mimi nikaandika: "Sote nyumbani tunakusalimu." Sijui kwa nini. Pengine niliona haya kuandika maneno ya mapenzi ya kaka yangu. Pengine niliogopa kuachwa. Nilibandika bahasha, nikampa mfanyabiashara aliyekuwa anavuka, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ndiyo maana nilianza kutengeneza hiki kisanduku. Deo aandike mwenyewe, sauti imsomee maandishi yake kwenye hedifoni, kisha barua iingie kwenye flashi ambayo Devota ataifungua ofisini kwake. Kompyuta mpya siwezi kununua, kwa hiyo nilichukua bodi ya kifaa kibovu kutoka soko la Bukavu, nikaiwekea kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoviamrisha vifaa vyote. Sauti ilitoka vizuri. Lakini USB, mlango wa kibodi na wa flashi, ulikuwa umekufa kabisa.

Kidhibiti cha USB, sehemu ya chipu inayouendesha mlango huo, hakifanyi lolote bila saa. Sisemi saa ya ukutani. Ni mapigo ya umeme yanayokipa mwendo, na kerneli ikiwaka huyazima mapigo yote ambayo hakuna aliyeyaomba. Kidhibiti changu kinataka saa mbili, na mwanzoni sikuwasha hata moja. Kila kerneli ilipokigusa, bodi nzima iliganda. Nikawasha ya kwanza, kuganda kukaisha, lakini kibodi bado haikutambuliwa.

Ya pili inatakiwa ipige mara milioni arobaini na nane kwa sekunde. Chanzo chake kinatoa milioni mia nne na themanini, nikaandika kigawanyo kumi. Nani angeona kosa hapo? Wiki tatu nililaumu nyaya, nikalaumu kibodi, siku moja nikamlaumu hata Deo kwa kuuliza "bado?"

Leo asubuhi nikasoma tena maelezo ya chipu, na chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, nikaona: namba unayoiandika, chipu huiongezea moja. Nilikuwa nagawanya kwa kumi na moja!

Nikaandika tisa. Nikajenga kerneli upya, nikawasha.

Taa ya kibodi ikawaka.

Nilimwita Deo nikipiga kelele, akadhani nyumba inaungua. Akakaa, akapapasa, akapata vile vinundu vya F na J nilivyomfundisha kuanzia navyo. Akaandika jina lake, akalisikia masikioni, akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha siku redio mbovu ilipokubali kusema. Mimi nikaanza kulia, na katikati ya kulia nikamwambia kuhusu ile barua.

Akashusha hedifoni shingoni.

"Nilijua," akasema. "Barua yangu ilikuwa ya muntu moja. Jibu likakuya la famille nzima."

"Mbona hukunigombeza?"

"Mudogo wangu, nani angeniandikia ingine?"

Akanitafuta kichwa, akanipiga kofi dogo la upendo. Kisha akavaa hedifoni vizuri na kusema, kwa heshima kubwa mno, "Sasa toka inje."

Nimetoka. Naandika haya barazani, daftari magotini, maharage ya kuchambua yakiningoja. Ndani nasikia vibonye tu, polepole, vikisimama, vikianza tena. Kwa miaka yote hii nimejua kila neno alilomwandikia mtu yeyote. Leo sijui hata moja, na nashangaa jinsi nisivyoumia.

Vibonye vimesimama kwa muda mrefu. Nilidhani kerneli imeganda, nikainuka.

"Mudogo!" ameita kutoka ndani. "Usiingie! Alama ya kuuliza iko wapi?"

Nimemwambia: hii ni kibodi ya Kifaransa, shika shift, kisha bonyeza kile kilicho kulia kwa N.

Kimebonyezwa mara moja tu: Devota ataulizwa swali moja.