Kofia ya Manyoya Uliyomtumia Baba

Kijiji cha Ujamaa Matongoni,
S.L.P. 14, Ikungi,
Singida.
19 Julai, 1975.

Mpendwa mdogo wangu Anselm,

Marahaba kwa shikamoo iliyokuja ndani ya barua yako ya mwezi wa tano. Natumaini u mzima huko Urusi, masomo ya kutibu mifugo yanakwenda, na vile vidole viwili vya mguu vilivyokufa ganzi vimerudi kuwa vidole vya binadamu. Sisi huku tunaendelea. Kipupwe cha mwaka huu ni kikali, upepo unaanza alfajiri na kututwanga mpaka jioni, na midomo ya watoto imepasuka yote. Mtama tumevuna wa kutosha kula.

Baba yu hai. Neno hilo nimeliweka hapa juu makusudi ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Barua yako, ile uliyoeleza jinsi mnavyosimama masaa mawili kwenye theluji kuwatazama watu wazima wakikimbizana juu ya mbao mbili walizojifunga miguuni, baba alinisomesha mara tatu. Mchezo wenyewe hakuuelewa, na mimi sikuuelewa. Lakini ule ujuzi wenu wa kusimama kwenye baridi bila kufa aliushika kama katekisimu. Gazeti ndani ya kiatu. Soksi mbili. Usisimame kwenye ardhi tupu. Usiache kukanyagakanyaga. Kichwa kifunikwe kabla ya kitu kingine chochote. Alisema Warusi wana akili, ila hawajui kwamba mchungaji wa Kinyaturu akishikwa na baridi ya asubuhi huingiza miguu kwenye mavi ya ng'ombe yaliyoanguka sasa hivi. Aliniagiza nikuandikie hilo, nami nimeliandika.

Mwisho wa mwezi wa sita mwenzako yule wa Iramba akaleta koti la ngozi ya kondoo na kofia ya manyoya yenye masikio mawili ya kufunga chini ya kidevu. Baba alilivaa koti siku hiyo hiyo akalala nalo. Manyoya yake, wewe mwenyewe uliyaona, yana rangi ya majani makavu. Nilimtania kwamba amekuwa dume la nyani. Natamani ulimi wangu ungenena la kweli, ungemtaja mnyama mwingine, labda ningeshtuka mapema.

Sasa nikukumbushe mambo mawili. La kwanza, kijiji hiki si kile ulichokiacha. Operesheni Vijiji ya mwaka jana imetukusanya na watu ambao hatukuwajua. Nyumba nane zinazotukabili ni za warina asali waliotolewa kwenye vichaka vya Itigi, na mpaka leo tunasalimiana kwa macho tu. Mmoja wao ni Petro, bwana mwenye mabega kama mlango, mkewe anaitwa Yunisi.

La pili, wewe ulizaliwa baada ya ile miaka ya watu-simba, ukaisikia tu mama alipotaka ulale. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka tulivyofungiwa ndani jua likiwa bado juu, kwa sababu kulikuwa na watu waliojivika ngozi za simba na kuwararua wenzao njiani. Mtu yeyote wa Singida mwenye umri wa miaka thelathini na zaidi ana hofu hiyo ndani ya mifupa. Inalala tu.

Siku ya Sabasaba timu yetu ilicheza na Ikungi kwenye uwanja ule chini ya majabali. Mechi iliwekwa asubuhi ili mchana uwe wa hotuba. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, na upepo wa kukata masikio. Baba aliondoka kabla ya wote, koti mwilini, kofia kichwani, masikio yamefungwa, magazeti ndani ya vile viatu vyako vya shule. Alipanda juu ya jabali, akatandika kipande cha ngozi ya mbuzi, akasimama juu yake akikanyagakanyaga kama ulivyomfundisha. Wakati huo uwanjani hakukuwa na mtu.

Watu walipojaa na mpira ukaanza, akataka kushuka aone karibu. Unalijua jabali lile, na magoti ya baba unayajua. Alishuka kwa mikono na miguu, kichwa mbele, huku akikohoa kile kikohozi chake cha kifuani. Kutoka kwenye ukungu, juu ya vichwa vya watu, yakateremka manyoya ya rangi ya majani makavu yakiunguruma.

Mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba ni mtu-simba.

Mimi nilikuwa njiani nikimletea uji wa uwele ndani ya kibuyu. Nilisikia kwanza yowe, halafu kimya, halafu sauti ya fimbo. Anselm, umewahi kusikia wanawake kumi wakipura mtama, kila mmoja kwa wakati wake? Ilikuwa hivyo. Nilikimbia nikidhani wamemkamata mwizi. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wameacha mpira na kuingia kwenye duara lile, na wenye viatu walitumia viatu. Wazee wanaotembelea mkongojo walipenya katikati ya miguu ya vijana ili nao wapate mahali pa kupiga. Nilimwona mama mtu mzima akiinua jiwe kwa mikono miwili.

Kwenye pindo la koti nikaona viatu vyako vya shule.

Sijui nilipitaje. Petro ndiye aliyekuwa juu yake na rungu, na uji ule wote, wa moto kama ulivyotoka jikoni, niliumimina usoni mwake, na kibuyu nikakivunjia kichwani. Alipoachia rungu nikaliokota. Nilimpiga mkononi, nikasikia mfupa ukiitika, nikampiga tena. Nilimpiga mwingine nisiyemjua, na mwingine. Nilikuwa nalia jina la baba, Damiani Damiani, kama vile namwita mtoto mwenzangu, na hilo ndilo lililowasimamisha. Mtu mmoja aliinama, akafungua kamba ya kofia, akaivua. Chini yake ukatoka uso wa mzee wa nyumba ya tatu, umejaa damu, jicho moja limezama.

Basi wote wakadondosha fimbo. Petro akakaa chini kwenye tope na kutapika.

Baba amevunjika mkono wa kushoto na mbavu tatu, na jicho la kulia halitaona tena. Daktari wa misheni aliinusa ile kofia, akaibonyeza kwa vidole, akaniambia kwamba bila manyoya yale fuvu lingepasuka kama yai. Kwa hiyo ukianza kujilaumu huko, na najua umeshaanza, nitakasirika. Zawadi yako ilimponza, zawadi yako ikamwokoa. Iache hapo.

Siku ya nne polisi wakaja wodini. Nilikuwa nimejiandaa kutaja majina yote kumi na moja ya wale niliowatambua, nimeyafunga moyoni nisisahau. Baba akanitangulia. Akamwambia askari kwamba alianguka jabalini. Askari akalitazama jeraha la kiatu shavuni mwake, akamwuliza kama jabali nalo huvaa viatu. Baba akafumba jicho lake moja. Askari akasema atarudi Jumatatu ya tarehe ishirini na moja kuchukua maneno yangu mimi, kisha ataamua.

Nilimfokea baba, Mungu anisamehe, mgonjwa wa kulala chali. Kila asubuhi Yunisi mke wa Petro alikuwa akiweka mzigo wa kuni mlangoni petu, hasemi kitu, na kila asubuhi niliurusha barabarani. Nilimwambia baba kwamba akiwaachia hawa, mimi nitaichoma nyumba yao kwa kuni zao wenyewe. Nikamwuliza kwa nini hata hakutaja jina lake walipokuwa wakimpiga.

Akasema, "Nililitaja. Hawakusikia. Na yule naye alilitaja la kwake, sisi hatukusikia."

Nikamwuliza yule nani. Akanieleza jambo ambalo hata mama hakuambiwa. Mwaka ule wa hofu, asubuhi ya baridi kama hii, yeye na wenzake walikuta kiumbe kimejikunyata kando ya kisima, kimejifunika ngozi. Walikuwa saba. Walipiga mpaka kikanyooka. Walipoifunua ngozi waliona ni ya ndama, imelowa umande, na ndani yake kuna mchungaji mgeni wa kutoka upande wa Manyoni, aliyekuwa akipita na mbuzi wake. Jina alilokuwa amelitaja, nao wakalikumbuka baadaye, ni Idrissa. Walimzika palepale wakaapa kunyamaza, na wenzake sita wameshakufa wote na kiapo chao.

Nikamwambia labda kweli alikuwa mtu-simba.

"Hapana, Magdalena. Alikuwa anasikia baridi tu."

Aligeuzia uso ukutani. Nilikaa pale mpaka uji wake ukapoa.

Sijasamehe, mdogo wangu. Nisikudanganye. Nikikutana na Petro kisimani, mkono wake umefungwa kitambaa na uso umechubuka, moyo wangu bado unalitafuta lile rungu. Lakini Jumatatu nitamwambia askari kwamba mzee amesema alianguka na mimi sina la kuongeza. Na wewe usimwandikie mkubwa yeyote wa serikali, usimwombe mtu alifuatilie jambo hili. Baba ameruhusiwa kurudi nyumbani tangu juzi. Kuni za Yunisi jana niliziingiza ndani, na leo asubuhi ndizo zilizochemsha maji ya kumkanda mkono.

Kingine ni kwamba ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Shangazi Selina anakusalimu, anauliza kama huko kuna Misa au unadanganya. Paskali na watoto wa Marietha wanakusalimu sana, na padre anakuombea kila Jumapili.

Mungu aliyekuvusha nchi zote hizo akuweke penye joto na akurudishe ukiwa na vidole vyako vyote kumi.

Mimi dada yako nikupendaye kwa hasira na kwa furaha,
Magdalena Damiani

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha baba akaniita. Anasema usije ukaacha kuvaa kofia yako kwa ajili ya haya yaliyotokea. Huko kila mtu ana manyoya, kwa hiyo utasimama salama. Na yake anataka niishone sikio lililochanika, maana Ikungi wanarudi kumalizia mechi mwisho wa Agosti, naye amekusudia kusimama palepale nayo kichwani ili watu wazoee kuona kuna nani ndani. Nimeishona. Nitasimama kando yake, mkono mmoja kibuyu cha uji, mkono mwingine mchi.