Dawa za Bibi, za Huku na za Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi
Nimechota maji, nimefagia, nimempa Bibi uji. Kisha vidonge vyake vya presha. Cheupe cha kliniki yetu ya huku Uganda, cha njano alichonunua ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, anakouza mihogo mikavu. Nilimwuliza kama kliniki wanajua kuhusu cha njano. Akacheka. "Mimi navuka kila siku. Presha pia inavuka. Kila upande na dawa yake."
Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Machi
Kizunguzungu tena, akiwa anaanika mihogo. Anasema ni jua. Kulikuwa na mawingu.

Ijumaa, 7 Machi
Bibi ameanguka jikoni. Sikwenda shule. Tulipanda bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia.
Nesi ni mpya, binti kijana. Alipima: presha iko chini mno. Hatujakaa vizuri akaanza kuuliza. Dawa gani? Ngapi? Bibi akasema, "Hizo zenu tu," akanibana mkono. Nikisema, Bibi hataniamini tena. Nisiposema, anaweza kufa. Sijawahi kuogopa hivi.
Nesi alipotoka, Bibi alininong'oneza: "Mtoto huyo hajanisalimia, anataka kujua tumbo langu."
Ni kweli. Kwetu mtu mzima haulizwi jambo kabla ya salamu, na salamu ni ndefu.
Nilimfuata nesi barazani. Nilitaka kumwambia yote. Nikasema, "Sista, tafadhali, msalimie kwanza."
Nilidhani atanifokea. Akauliza, "Mnasema Kisamia?"
Alirudi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mulembe, Kukhu." Yaani amani, Bibi, kwa lugha yetu, ila matamshi mabaya kabisa.
"Mulembe. Wewe wa wapi, unatafuna salamu hivyo?"
"Wa Tororo, Kukhu. Mimi Mjapadhola, Kisamia si lugha yangu."
"Ah! Basi nimekusamehe."
Walicheka. Wakaulizana nyumbani, mvua, mihogo. Kisha Bibi mwenyewe akafungua fundo la leso yake, akatoa kidonge cha njano na karatasi yake. "Na hiki pia nakunywa."
Nesi alisoma ile karatasi. Hakupaza sauti. "Kukhu, hii ni dawa ileile. Imevaa nguo mbili."
Bibi alikisukuma kidonge kwa nesi. "Kumbe nilikuwa najimaliza."

Jumapili, 9 Machi
Tumerudi jana. Bibi hakwenda kanisani, amelala mkekani. Ameniuliza kama nilimwambia nesi siri yake. Nikasema hapana.
"Najua," akasema. "Ungesema, asingekuja kupiga magoti. Angekuja na kelele."
Nimefurahi mpaka nikaunguza maharagwe.

Ijumaa, 14 Machi
Leo Bibi anapimwa tena. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mwalimu nimsindikize. Bibi amekataa.
"Nenda usome. Mimi nina mtu wangu kule."
Alitoka mapema, polepole, peke yake. Nilimtazama mpaka akapita kona. Kisha nikavaa sare, nikaenda shule.